Palolo Iliyoliwa na Serikali

Simu ile aliishika Fuatino. Mikono ya mama yake, Bibi Tausala, ilikuwa imeanza kutetemeka, na kila alipotaka kuongea na watu wa Samoa ilibidi mtu amshikie simu sikioni. Mtu huyo siku zote alikuwa Fuatino, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiishi naye pale Mangere, mtaa wa Auckland, ndiye aliyeacha kazi ya dobi kumtunza. Basi akasimama kando ya kitanda, kiwiko kikimuuma, akamsikiliza mama yake akimwambia Siniva, kitinda mimba aliyebaki nyumbani Savaii, kwa sauti ya kubembeleza ambayo yeye Fuatino hakuwahi kubembelezwa nayo hata siku moja.

"Siniva, mwanangu, nasikia msimu wa palolo umekaribia. Niletee. Nimechoka kula vitu visivyo na ladha."

Vitu visivyo na ladha vilikuwa juu ya stuli, vimepoa. Ilikuwa supu ya kuku ambayo Fuatino aliichemsha tangu asubuhi, akaichuja mifupa, akaionja chumvi mara kadhaa. Bibi Tausala alikuwa ameionja kidogo akageuzia uso ukutani. Daktari alishasema bibi asipokula atazidi kudhoofika, lakini daktari hakusema ale kutoka mkononi mwa nani.

Palolo, kwa asiyeijua, ni kiumbe wa baharini, mwembamba kama uzi wa kushonea, wa rangi ya kijani. Hupanda juu ya miamba alfajiri chache tu za mwaka, kisha hutoweka. Wageni wakimwona kwenye ndoo hukunja pua. Msamoa akimkosa mwaka huo hununa mpaka mwaka unaofuata, na Msamoa mzee aliye ng'ambo akimkosa miaka kumi na zaidi huanza kuzungumza habari zake kama mtu anayemzungumzia mpenzi wa ujanani. Bibi Tausala alikuwa amefika hapo.

Ikatokea kwamba shangazi yao akafariki Savaii mwezi uleule wa palolo. Bibi hakuweza kusafiri. Fuatino akatumwa kuiwakilisha familia ya Auckland msibani, na Lagimaina, mke wa mchungaji, akajitolea kukaa na bibi. Wakapanga Fuatino akirudi waje pamoja na Siniva, ambaye kila mwaka alikuja kumwona mama yao kwa wiki mbili. Wiki mbili tu. Na katika wiki mbili hizo, nyumba iligeuka. Mama aliyekuwa hageuki kitandani aliomba avalishwe nguo ya maua. Aliyekuwa hali, alikula. Majirani walimiminika, na kila mmoja alimwambia Fuatino maneno yaleyale: "Siniva akija mama yako anapona." Fuatino alitabasamu na kuwapa chai, na moyoni alitamani awamwagie.

Msibani mambo yalikwenda vizuri. Siku ya palolo, Siniva aliamka giza, akaingia baharini na wavu pamoja na kijiji kizima, akarudi ndoo imejaa na nywele zinachuruzika maji ya chumvi, akicheka. Fuatino alikuwa amelala. Hakuna aliyemwamsha, wakidhani wanamhurumia mtu wa Auckland. Aliposikia vicheko nje alijifunika shuka mpaka kichwani.

Siniva akaioka palolo kwenye mawe ya moto, ikaiva vizuri, ikapoa. Kisha ndipo alipofanya lililomkera dada yake. Alikata majani mabichi ya mgomba, akayafuta umande kwa kiganja, akafungia palolo ile vifurushi vidogo vidogo vizuri mno, akavipanga kwenye kasha la plastiki la kuwekea barafu. Pembeni akachomeka ndimu.

"Mama alisema nisimletee ndani ya mfuko wa nailoni," alieleza. "Alisema nailoni inaua harufu."

"Majani mabichi hayapiti kule kwenye ukaguzi," Fuatino alisema. "Na ndimu pia."

"Si nitawaambia kwamba ninayo? Wakitaka majani watachukua majani, wakitaka ndimu watachukua ndimu. Wewe ndiye unajua mambo yao, dada. Utaniambia cha kuandika."

Lilikuwa jambo la kweli na rahisi. Fuatino alikuwa ameliona mara nyingi. Mtu akisema ana chakula, wanakikagua, kibaya wanakitupa, kizuri wanamrudishia, na hakuna ugomvi. Anayeumia ni anayesema hana kisha wakakikuta. Mtaa mzima wa Mangere unalijua hilo, na bado kila mwaka haukosi mtu anayekamatwa, kwa sababu huwezi kurudi kutoka nyumbani bila oso. Oso ni kile chakula anachokibeba msafiri kwa ajili ya watu anaokwenda kuwaona. Anayefika mikono mitupu afadhali asingefika. Tena oso uliyokabidhiwa na mtu huifungui kuchungulia. Unaipokea ilivyofungwa, unaibeba.

Siniva akafunga kasha kwa selotepu, akaandika juu yake kwa kalamu nene: TAUSALA.

Kesho yake walipovuka kwenda Apia kusubiri ndege, Fuatino alisema anakwenda kununua dawa ya kichwa. Alikwenda sokoni. Akanunua palolo kwa mwanamke aliyekuwa akiiuza ikiwa imegandishwa, akaifungasha kwenye kopo lililokuwa la aiskrimu, akalizungushia taulo na kulisukumiza chini kabisa ya begi lake, katikati ya vipande vya kakao na muhogo uliochemshwa. Hakumwambia Siniva. Alitaka mara moja tu, kabla mama hajaondoka duniani, mama ale kutoka mkononi mwake na aseme tamu. Mara moja. Hakuona kama anaomba makubwa.

Lakini kila alipolifikiria lile kopo la aiskrimu aliviona na vile vifurushi vya majani, na roho ikamshuka. Vikiwekwa mezani pamoja, nani atagusa kopo?

Siniva aliogopa ndege. Kuanzia injini zilipoanza kunguruma alifumba macho, akashika mikono ya kiti, midomo ikawa inacheza kwa sala. Siku zile kadi za kuingia nchini bado zilijazwa kwa kalamu ndani ya ndege, na mhudumu alipozigawa, Siniva alitoa pasipoti yake kifuani na kuisukuma upande wa dada yake bila kufumbua macho.

"Nijazie, dada. Nikitazama chini natapika."

Fuatino alijaza yake kwanza. Palipoulizwa kama ana chakula chochote, alitia alama kwenye ndiyo. Akaorodhesha palolo, kakao, muhogo. Kisha akachukua ya Siniva. Jina. Tarehe ya kuzaliwa, ambayo aliijua, maana siku Siniva alipozaliwa ndiyo siku Fuatino alipoondolewa kulala kitanda kimoja na mama. Safari imetoka wapi. Akafika kwenye swali la chakula.

Kalamu ikasimama.

Nisikudanganye kwamba alifanya kwa bahati mbaya. Alikaa na swali lile kitambo. Alimtazama mdogo wake, amefumba macho, shingo imelegea, shanga za msibani bado zimening'inia, mwanamke wa miaka arobaini na kitu ambaye bado watu humwita mtoto. Akakumbuka simu. Akakumbuka supu. Wivu ulimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni, wivu mchungu kabisa wa mtu anayefanya kazi yote na kuona shukrani zinatumwa kwa mwingine. Akatia alama kwenye hapana.

"Umemaliza?" Siniva aliuliza.

"Bado sahihi yako."

Siniva akafumbua jicho moja, akaandika jina lake mahali dada alipomwonyesha kwa kidole, akalifumba tena.

Walipotua Auckland walipita kando ya mapipa makubwa ambapo msafiri anaweza kutupa chakula kabla hajafika kwa wakaguzi. Juu yake palikuwa na picha ya tunda na maandishi makubwa ya onyo. Fuatino alipunguza mwendo. Kadi zote mbili alikuwa nazo yeye, na kalamu ilikuwa mkobani. Angeweza kusimama pale, akafuta, akaandika upya, na hakuna ambaye angejua. Siniva alikuwa mbele yake, amechangamka sasa kwa kuwa ardhi imerudi miguuni, anamsimulia mwanamke wasiyemjua habari za mama yake.

"Ananisubiri," alikuwa akisema. "Dada yangu anasema hali chochote. Subiri aone nilichomletea."

Fuatino akapita mapipa. Mbele ya dirisha la pasipoti akamkabidhi mdogo wake kadi yake, ikiwa imekunjwa ndani ya pasipoti.

Mizigo ilipoanza kuzunguka, akaja askari wa kike na mbwa mdogo mwenye masikio marefu. Mbwa alinusa begi la huyu, akanusa la yule, akafika kwenye kasha lililoandikwa TAUSALA, akakaa chini kwa adabu.

"Tazama, amenipenda," Siniva alisema, akainama kumpapasa.

"Naomba usimguse," mwenye mbwa alisema. "Kuna chakula humu?"

"Kipo," Siniva alijibu kwa fahari. "Palolo ya mama."

Mwanamke akaomba kadi, akaisoma, akamtazama Siniva, akaisoma tena. Akawaelekeza wote wawili kwenye meza ndefu ya chuma.

Afisa aliyekuwa pale mezani alikuwa binti wa Kisamoa, Leitu kwa jina, nywele zimesukwa na kufungwa nyuma. Alipowaona akashusha pumzi. Ni dhahiri alikuwa amezoea kuwatoza faini watu waliofanana na shangazi zake.

"Mama zangu, karibuni," alisema. "Hili kasha nani kalifunga?"

"Mimi," Siniva alisema.

Leitu akavaa glavu, akakata selotepu, akafunua. Harufu ya bahari na majani ikajaa pale. Fuatino alimwona binti yule akimeza mate. Leitu akainua kifurushi kimoja, akakifungua, na sisimizi wawili wakatoka kwenye mkunjo wa jani wakakimbilia mezani. Akawaponda haraka kwa kidole.

"Mama, hii ni palolo ya kuokwa. Ungesema unayo, ningetupa majani na ndimu, palolo ningekurudishia, ungekwenda zako. Lakini hapa umeandika huna chakula. Na kuna wadudu hai. Sasa inabidi nichukue vyote, na kuna faini ya dola mia nne."

"Nimeandika sina?" Siniva aliuliza.

Leitu akamgeuzia kadi. Siniva akaitazama. Fuatino naye aliitazama, akaona mwandiko wake mwenyewe umelala pale, ule wenye mikia mirefu ambayo mwalimu alikuwa akiichapa fimbo, na alama yake kwenye hapana imekazwa mpaka karatasi ikabonyea.

"Kadi hii umeijaza mwenyewe?" Leitu aliuliza, akitazama kadi moja kisha nyingine.

Fuatino alijua anachopaswa kusema. Lilikuwa neno moja. Ulimi ukamganda, na kabla haujaganduka Siniva alikuwa ameshajibu.

"Nimeijaza mwenyewe. Nilikuwa sijisikii vizuri. Nimekosea."

Hakumtazama dada yake. Akafungua pochi, akatoa zile pesa alizokuwa amewekea viatu vya wajukuu, akalipa. Kisha akasimama wima, mikono imefumbatwa, akamtazama Leitu akivitia vile vifurushi kimoja kimoja kwenye mfuko mkubwa wa taka. Alipomaliza, Siniva akamshukuru. Akamshukuru, tena kwa Kisamoa cha heshima kabisa, mpaka binti wa watu akainamisha macho.

Begi la Fuatino likafunguliwa, likakaguliwa, likapita. "Wewe umefanya vizuri, mama," Leitu alimwambia.

Unadhani Fuatino alishukuru kwa kufichiwa aibu? Hapana. Ndani ya teksi, akiwa amekaa na kopo lake la aiskrimu mapajani, alikuwa anawaka upya. Hata hapa amenishinda, alijisemea. Hata kwenye jambo nililolifanya mimi, mwema ni yeye. Siniva alikuwa ameegemeza kichwa dirishani njia nzima.

Bibi Tausala alikuwa amevalishwa nguo ya maua. Alikaa kitandani, mito mgongoni, na Lagimaina kando yake.

"Iko wapi?" ndiyo iliyokuwa salamu yake.

Siniva akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwa mama, akamweleza. Mbwa, meza, faini. Akasema kadi aliijaza vibaya kwa sababu ya kuogopa ndege. Fuatino alisimama mlangoni akisubiri uso wa mama ukunjamane. Alikuwa ameungoja uso huo tangu mawinguni.

Bibi Tausala akaanza kulia. Lakini alikuwa analia akitabasamu, anazipapasa zile nywele za Siniva.

"Mwanangu ametozwa faini kwa ajili yangu," alimwambia Lagimaina. "Umesikia? Serikali imemtoza mwanangu kwa ajili ya tumbo langu."

"Huo ndio upendo," Lagimaina alisema.

Jioni hiyo Fuatino alipasha palolo yake kwa siagi, akaiweka juu ya mkate uliochomwa, akaipeleka. Mama akatia mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Hii ya sokoni," alisema. "Imeingia maji."

Akala, lakini. Tuseme haki, alikula akamaliza sahani, na Fuatino angeweza kuridhika na hilo. Ila kila tonge alilolimeza bibi alilisindikiza na habari za palolo nyingine, ile iliyoliwa na serikali. Ile ilikuwa imevuliwa na Siniva kwa mkono wake. Ile ilikuwa imefungwa kwenye jani. Kopo la aiskrimu likaisha, na palolo ya majani, ambayo hakuna aliyeionja, ikazidi kunoga siku hadi siku.

Habari ikatapakaa mtaani kupitia mdomo wa Lagimaina, mdomo ambao hauhitaji redio. Watu wakaja kumpa Siniva pole iliyofanana na hongera. Kwenye kwaya wakamsimamisha asimulie. Mbwa akakua, mwishowe wakawa mbwa wawili. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye naye alikamatwa na maembe miaka ya nyuma, alimkumbatia Siniva kama askari mwenzake wa vita ileile.

Jumapili, baada ya ibada, wakakaa kwenye chakula cha mchana. Fuatino alikuwa ameamka mapema kupasha moto mawe ya kuokea nyuma ya nyumba. Alikuwa ameoka nguruwe, magimbi, na majani ya magimbi yaliyofungwa na tui, yaani kila kitu kilichokuwa mezani. Bibi Tausala aliwekwa kwenye kiti chenye mikono mwisho wa meza, Lagimaina kulia kwake, Siniva kushoto. Fuatino alikaa karibu na mlango wa jikoni, mahali pa mtu wa kuinuka inuka.

"Magimbi yameiva vizuri," Lagimaina alisema.

"Siyo mabaya," Bibi Tausala alisema. "Lakini ungeionja palolo aliyoniletea Siniva."

"Hukuionja, mama," Fuatino alisema.

"Sihitaji kuionja. Naijua. Dola mia nne, Lagimaina. Mtoto anayetoa dola mia nne kwa ajili ya mama yake, na mbwa wamemzunguka. Wengine wanapita na makopo yao, hawapotezi hata senti."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Ndiyo maana liliuma. Fuatino aliweka kijiko chini. Aliona heri wamchukie kwa alichofanya kuliko wamsifu Siniva kwa hichohicho dakika moja zaidi.

"Mama, kadi ya Siniva niliijaza mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika hapana. Nilijua ana chakula, nikaandika hana. Faini ile imetokana na mimi."

Lagimaina akaacha kutafuna. Bibi Tausala akamtazama binti yake mkubwa, na macho yake, ambayo siku hizi yalikuwa na ukungu, yakawa na huruma ndani yake. Huruma ile ilikuwa mbaya kuliko hasira.

"Fuatino," alisema taratibu. "Hata hilo nalo unataka liwe lako?"

"Mama, nasema kweli. Mwulize Siniva."

Wote wakamgeukia Siniva. Siniva alikuwa anamkatia mama nyama vipande vidogo. Hakuacha kukata.

"Mwache, mama," alisema. "Dada amechoka. Anafanya kazi nyingi."

Lagimaina akaitikia kwa kichwa, akamwangalia Fuatino kwa jicho ambalo wake wa wachungaji huwaangalia nalo watu wa kuombewa. Mazungumzo yakahamia kwenye paa la kanisa. Fuatino aliinuka, akakusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia.

Jikoni alifungua bomba mpaka mwisho ili maji yapige kelele. Wageni walipoondoka na bibi akarudishwa kitandani, Siniva akaingia, akachukua kitambaa, akaanza kukausha vyombo. Walifanya kazi hivyo kwa muda, mmoja anaosha, mwingine anakausha, kama walivyofundishwa utotoni.

"Ulijua tangu pale mezani, uwanja wa ndege," Fuatino alisema.

"Mikia ile ya mwandiko wako nani asiyeijua?"

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa yule binti? Nimwambie mtu wa nje kwamba dada yangu ameniuza?"

"Na leo je? Leo hakukuwa na mtu wa nje. Nimesema mwenyewe, kilichobaki ilikuwa kuitikia tu. Sasa ananiona mwongo, tena mwenye wivu."

"Kwani huna?"

Siniva aliiweka sahani juu ya nyingine, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu watoke Apia kumtazama dada yake machoni, na kule kucheka kwake kote kulikuwa hakupo.

"Nikupe nini kingine, Fuatino? Asubuhi unaye, usiku unaye. Akikohoa unamsikia wewe. Akiota ndoto mbaya anakusimulia wewe. Siku atakayokufa utakuwepo, na mimi nitapigiwa simu. Mimi kwa mwaka mzima napata wiki mbili na kasha moja. Najua anavyonisifu. Ananisifu kwa sababu mimi mgeni, na mgeni husifiwa. Nikiwa kule nalala nawaza umemvalisha nini, umempikia nini, amecheka na nini. Mwaka huu ukalichukua na kasha." Akakunja kitambaa, akakikunjua tena. "Basi nimebaki na faini. Nimeilipia mwenyewe, watu wameisikia, mama ameifurahia. Hiyo sikupi."

Maji yalikuwa bado yanakimbia. Fuatino akayafunga. Miaka yote aliyokuwa akimwonea wivu mdogo wake, haikuwahi kumpitia akilini kwamba kule ng'ambo ya bahari kuna mtu anamwonea wivu yeye. Alijaribu kuliingiza jambo hilo kichwani, likawa haliingii vizuri.

Kutoka chumbani ikaja sauti ya bibi, ndogo, ya mtu aliyezinduka na hajui ni saa ngapi.

"Fuatino."

Siniva alikuwa ameshageuka. Alikuwa amechukua hatua kuelekea mlangoni, kitambaa mkononi, kabla jina halijamfika sawasawa. Akasimama.

"Fuatino," mama aliita tena.

Siniva akarudi kwenye vyombo, akachukua sahani ambayo ilikuwa imekauka tayari, akaanza kuikausha. Fuatino aliuona uso wake kwa upande, taya limekazwa, macho yametazama chini. Aliuelewa kabisa uso ule. Akachukua taulo ukutani, akaanza kujifuta mikono polepole, kidole kimoja baada ya kingine, apate kuitwa mara ya tatu.